Traka ipi inafaa jenereta na mikisa za kukodisha? Jibu kwa mkuu wa Sahare

Mkuu, nimesoma swali lako. Jenereta ilikodishwa kwa siku mbili, mteja kazima simu, na sasa unataka traka moja (kifaa cha kukuonyesha mashine iko wapi) utakayofunga kwenye jenereta zilizobaki, mikisa ya zege na zile drili na grainda. Nakodisha vifaa vya ujenzi hapahapa Tanga, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kazini. Traka moja ya vyote hivyo hakuna. Kabla ya kuuliza bei, jiulize mashine inapata wapi umeme wa kulisha traka, na ikishaibwa italala wapi.

Nianze na AirTag, kile kitagi kidogo cha Apple, maana kuna aliyekushauri uchukue hiyo. Ile haina GPS wala laini. Inatoa mawimbi ya Bluetooth, na iPhone ya mtu yeyote inayopita karibu ndiyo inayopeleka taarifa ya mahali ilipo. Raskazone au stendi ya Kange utapata majibu. Ipeleke saiti ya Chongoleani ndanindani au shamba la mkonge, ambako simu zote ni Android na za batani, itakaa kimya siku nzima. Zipo tagi zinazotumia mtandao wa simu za Android, lakini nazo zinahitaji watu wapite. Halafu kuna jambo watu hawalisemi: tangu 2024 iPhone na Android zote zinamtahadharisha mwenye simu kwamba kuna tagi asiyoijua inatembea naye. Ulinzi huo umewekwa ili watu wasifuatiliwe kwa siri, na ni jambo jema, ila mwizi naye anapata taarifa hiyohiyo. Tagi ni ya kutafuta begi la vifaa ulilolisahau saiti.

Kwa mashine ya maana unahitaji traka ya GPS yenye laini ya simu. Inapokea mawimbi ya setilaiti, inapiga hesabu ya mahali ilipo, kisha inakutumia kwa data au meseji. Sehemu zote mbili lazima zifanye kazi, na hapo ndipo wengi wanalalamika kwamba "traka ni feki". Mawimbi ya setilaiti yanafika ardhini yakiwa dhaifu sana. Bati au kontena vinayakata. Mtandao wa simu unaweza kupenya hapohapo. Traka ikikosa setilaiti inaanza kukisia kwa minara, na makisio ya mnara yanaweza kupotea mita mia kadhaa hadi kilomita kadhaa.

Mfano. Kompakta yetu, mashine ya kushindilia udongo, iliondoka saiti ya Mwambani usiku. Ramani ikaonyesha duara kubwa lililomeza nusu ya Pongwe. Vijana walitaka kwenda kugonga milango, nikawakatalia. Mashine ilikuwa stoo, chini ya bati, na kwa duara lile ungegonga hadi mchana. Traka ile ilikuwa imepangwa iamke kila inapotikiswa. Asubuhi walipoitoa kuipakia kwenye kirikuu ikaona anga, tukapata nukta safi barabarani, inaelekea Muheza. RB ya polisi tulikuwa tumekata usiku uleule, kwa hiyo tulichokuwa tunampa askari ni namba ya mashine na mahali gari lilipo, si hadithi. Gari lilisimamishwa, mashine ikarudi na ndoo ya mchanga juu yake.

Kwa hiyo ukienda dukani, swali la kwanza liwe: ina kitambuzi cha mtikisiko, na inaweza kulala ikaamka yenyewe? Betri ndiyo inayoua traka nyingi. Ukiipanga itume kila sekunde kumi, hata traka ya sumaku yenye betri kubwa itaishiwa ndani ya siku chache. Ukiipanga itume mara moja kwa siku, na mfululizo ikitikiswa tu, inaenda wiki nyingi. Maneno ya "standby miezi mitatu" kwenye boksi ni ya kifaa kilicholala, usiyatumie kupiga hesabu. Swali la pili: ikikosa mtandao inahifadhi nukta ili izitume baadaye? Huku kwetu ni muhimu, kuna mabonde ukielekea Mkinga ambako simu inakata kabisa.

Sasa mashine moja moja. Jenereta ya kuwasha kwa ufunguo ina betri ya volti 12, fungia humo traka ya waya yenye betri ndogo ya akiba ndani. Waya ukikatwa inakutumia tahadhari. Jenereta za kuvuta kamba hazina betri, na mikisa ya dizeli ya kupiga hendeli vilevile, hizo wekea ya kuchaji. Usitegemee sumaku peke yake. Mikisa inatikisika kutwa, traka itadondokea kwenye kokoto na wewe utaenda kuikuta saiti peke yake. Mwambie fundi achomelee kikasha upande wa juu ulio wazi, mfuniko wake uwe wa plastiki, kipakwe rangi ya mashine. Ndani ya bomba la chuma au nyuma ya bati la injini haioni setilaiti. Mbali na egzosi pia, betri za lithiamu hazipendi joto. Na kwa hewa yetu ya chumvi chukua yenye IP67, yaani isiyoingiza vumbi wala maji, kisha pitisha grisi kwenye viungio vya waya.

Drili na grainda usizifungie kitu. Andika serial namba zake kwenye daftari, chonga jina lako kwenye chuma, chukua amana inayouma.

Laini. Isajiliwe kwa NIDA yako au ya kampuni yako, usikubali fundi aweke ya kwake halafu akuambie "lipia kwangu kila mwaka". Piga *106# uhakikishe namba ile inasoma kwako. Kabla ya kuchagua mtandao, nenda saiti unazopeleka mashine mara nyingi na simu ya kawaida uone upi unashika. Data inayoliwa ni MB chache kwa mwezi, lakini bando lililokwisha usiku wa wizi ni sawa na kutokuwa na traka, kwa hiyo acha na salio la meseji. Traka nyingi zinajibu kwa meseji data ikiisha. Kumbuka Horohoro: mashine ikivuka kwenda Kenya na laini haina rominga (huduma ya kutumika nje ya nchi), mara ya mwisho kuiona itakuwa mpakani. Na ukiagiza mtandaoni, ziepuke zilizotengenezwa kwa soko la Marekani. Nyingine zinatumia masafa tofauti na yetu na zimefungwa kwa malipo ya kampuni ya kule.

Badilisha nywila ya traka siku ileile unayoifunga. Nyingi zinakuja na 123456, na mwaka 2022 watafiti wa BitSight walionyesha kwamba modeli moja maarufu ya Kichina, MiCODUS MV720, mtu wa mbali angeweza kuiongoza, hata kukata mafuta ya gari. Mwenye mashine nyingi na kijana anayejua kompyuta anaweza kuweka Traccar, programu huria inayopokea traka za aina nyingi, data ikakaa kwake badala ya seva asiyoijua.

Nukta yenyewe isikudanganye. Hata anga ikiwa wazi, kosa la mita tano ni la kawaida, na Ngamiani mita tano ni nyumba ya jirani. Usiingie uani kwa mtu ukiwa na simu mkononi. Nenda na askari na mjumbe, na uwe na risiti.

Mwisho, mkataba. Mashine nyingi "zilizopotea" kwangu hazikuibwa na mgeni. Mteja alizihamishia saiti nyingine au akazikodisha kwa mtu wa tatu akala cha juu. Kwa hao unahitaji uzio wa kwenye ramani, mashine ikitoka eneo la kazi simu yako inalia. Andika kwenye mkataba kwamba mashine ina traka, mteja asaini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na kumfuatilia mtu bila kumwambia ni kujitafutia kesi. Zenye maikrofoni ya kusikiliza, izime au usinunue kabisa.

Fundi akimaliza kufunga, usimlipe papo hapo. Ingizeni mashine stoo ya bati, funga mlango, kaeni nusu saa, kisha itoeni mtembee nayo hadi Majani Mapana huku unaangalia simu. Isipoamka, anaifungua na kuihamisha kwa gharama yake.