Kabla ya kuchora duara la rangi, waache wachanganye

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha sanaa darasa la tatu nilianzia ubaoni. Nilichora duara, nikaligawa vipande sita, nikaandika: nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu, zambarau. Watoto wakanakili kwa penseli. Kwenye jaribio karibu wote walipata kwamba njano na bluu hutoa kijani. Wiki iliyofuata nikawapa rangi zenyewe tupake majani ya mgomba, na wengi wakanyoosha mikono kuniomba kichupa cha kijani. Njano ilikuwa mbele yao, bluu ilikuwa mbele yao, na jibu walikuwa wameshaliandika daftarini.

Siku ile ndiyo iliyonigeuza. Sasa mikono inatangulia, na duara linakuja mwisho kabisa.

Vifaa visikutishe. Darasa langu lina watoto zaidi ya sitini na bajeti ya sanaa ni ndogo, kwa hiyo rangi tunapika. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vitatu vya maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha chemsha hadi iwe kama uji mzito. Weka kijiko cha chumvi ili isichache haraka. Ikipoa, igawe kwenye makopo na utie rangi ya chakula. Watoto wanapakia kwa vidole au kwa vijiti vilivyotafunwa ncha, na vizibo vya chupa ndivyo vichanganyio vyao. Waambie waje na mashati ya zamani ya kuvaa juu ya sare, maana rangi ya chakula ikishika shati jeupe, mzazi atakuja shuleni.

Kila kundi la watoto watano lipe njano, nyekundu na bluu tu. Usiongeze ya nne hata wakiomba. Swali langu la kwanza ni moja: nani atanitengenezea jani la mgomba changa na jani la mgomba lililokomaa? Hapo utaona kazi. Wengi huanza na bluu kisha wakamwagia njano, kizibo kinajaa na rangi bado ni ya giza. Waonyeshe waanze na njano, kisha watie bluu kwa ncha ya kijiti, tone kwa tone. Njano ni dhaifu, humezwa upesi. Na chungwa ni hivyo hivyo: njano kwanza, nyekundu kidogo kidogo. Mtoto akishalijua hilo kwa kidole chake, hatalisahau.

Zambarau ndiyo iliyonisumbua. Kwa muda mrefu ilitoka tope, na watoto wakadhani wamekosea. Kosa lilikuwa kwenye nyekundu niliyonunua. Ilikuwa nyekundu ya moto, ile yenye njano ndani yake. Ukiichanganya na bluu unakuwa umeweka rangi zote tatu za msingi kwenye kizibo kimoja, na tatu zikikutana hutoa hudhurungi. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi, na zambarau itang'aa. Mashine za kuchapisha vitabu hazitumii nyekundu ya moto pia. Zinatumia waridi iliyokolea, samawati, njano na nyeusi. Kabla ya kununua, omba muuza duka akuruhusu kujaribu tone moja juu ya karatasi, na uwe na bluu yako mkononi.

Lakini lile tope lilinipa somo nililolipenda kuliko yote. Binti mmoja alitazama kizibo chake akapaza sauti, "Mwalimu, imetoka damu ya mzee!" Na kweli, ilikuwa damu ya mzee halisi, kama kitambaa cha duka. Tangu hapo hatusemi rangi imeharibika. Tunaitafutia jina. Kiswahili kimetuwekea hazina hapa: kijivu kimetoka kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, kijani kwenye jani, na zambarau kila mtoto ameshaiona kwenye ulimi wake msimu wa matunda. Kuna maji ya kunde, kuna ugoro. Nawapa kazi ya nyumbani waulize bibi zao majina ya rangi, kesho yake tunajaribu kuyachanganya. Kutengeneza maji ya kunde ni mtihani mgumu kuliko wowote ninaoweza kuutunga.

Kwa kipindi kimoja nakushauri uache rangi za dukani kabisa. Koroga bizari ya manjano kwenye maji, watoto wapake karatasi nzima, ikauke juani dakika chache. Kisha wachore juu yake kwa kijiti kilichochovywa kwenye maji ya magadi, yale ya sokoni ya kupikia maharage. Mstari unatokea mwekundu wa matofali papo hapo. Wakipitisha ndimu juu yake, unarudi njano. Simamia magadi mwenyewe yasiingie machoni, na usiziache kazi zao juani siku nzima, kwani manjano hupauka upesi.

Baada ya wiki tatu au nne ndipo naleta duara. Isaac Newton alilichapisha duara lake la rangi mwaka 1704, baada ya kuupasua mwanga wa jua kwa kipande cha kioo, na hilo nawasimulia kwa dakika mbili tu. Duara lenyewe silichori. Nawapa kipande cha boksi na karatasi walizopaka wenyewe wiki zote hizo, zimekatwa vipande vidogo, nawaambia kila rangi ikae jirani na inayofanana nayo. Wanapanga kwa mstari, na mstari unajikunja wenyewe pale mtoto anapogundua kwamba zambarau inataka kukaa na nyekundu. Muhula uliopita kundi moja lilibakiwa na kijani kichanga chenye njano nyingi. Wakabishana sana kiende upande gani, kisha wakainua vipande vyote, wakavisogeza kimoja kimoja, wakakitengea nafasi yake katikati.