Baba Mdogo Si Mtani Wangu

Mwaka juzi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Vikao tulifanyia Majengo, hapa Moshi, kila Jumapili jioni. Anayezijua kamati zetu anaijua kazi yenyewe: unasimama na daftari, unasoma jina, ahadi, alichotoa na salio. Ukisoma kipole, watu wanaangalia dari. Ukichangamsha kidogo, mifuko inafunguka. Mimi nilichangamsha, na walinipendea hilo.

Kikao cha nne nikafika kwenye jina la baba mdogo. Ahadi 300,000, alichotoa 0. Nikasema, "Baba mdogo, hizi laki tatu zimeishia kwenye mbege zote, au kuna hata elfu kumi iliyoponea?" Ukumbi mzima ukacheka. Na yeye akacheka. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfuko wa shati, nikadhani anatafuta miwani. Akautoa mtupu, akamalizia soda yake taratibu, akaaga kwamba anawahi Hiace ya Kibosho.

Soda, jamani. Mbele yake kulikuwa na soda, na mimi naongelea mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kesho yake mama akaja dukani kwangu Mbuyuni na bahasha. Laki tatu kamili, bahasha imekunjwa katikati na imelainika kwa jasho. "Alikuwa nayo jana," mama akasema, kisha akaniuliza bei ya misumari ya bati kana kwamba hicho ndicho kilichomleta.

Harusini baba mdogo alikuja, akacheza, akala. Ila mimi nimerithi jina la babu, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto yeye huniita "baba". Siku ile aliniita "mweka hazina". Akaendelea hivyo mwaka mzima, kwa heshima zote, bila kununa hata kidogo. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Nimelifikiria sana lile neno langu la mbege. Lenyewe si baya. Ningemwambia Mpare yeyote hapa sokoni, angenijibu kwamba Mchaga hata kaburini atauliza chenji yake, tungecheka na biashara ingeendelea, maana Wapare na sisi ni watani. Babu na mjukuu wanataniana, shemeji wanataniana. Baba mdogo ni baba. Nilichukua neno la utani nikalipeleka mahali ambapo hakuna utani, tena mbele ya watu arobaini, mahali ambapo mzee hawezi kujitetea bila kuonekana ana hasira.

Watu hushauri uhesabu mpaka kumi kabla ya kusema. Labda kwa wengine inafaa. Mimi zile sekunde kumi huzitumia kulinoa neno, likitoka linakata zaidi. Kinachonisaidia ni kujiuliza kwanza: huyu ni mtani wangu? Kama siye, nageuza neno liwe swali, na swali nalipeleka pembeni. "Baba mdogo, ile ahadi tuiandike lini?" Ningemuuliza hivyo mlangoni kabla ya kikao, angenipa bahasha pale pale.

Kwenye simu nimejiwekea sheria kali zaidi. Nikikasirika sirekodi sauti, kwa sababu sauti inasambazwa ikiwa na pumzi zangu na matusi yangu. Naandika, najitumia mwenyewe, naisoma asubuhi. WhatsApp inakuruhusu kufuta, sawa, lakini pale panabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na kundi la ukoo haliwezi kulala bila kujua kilikuwa nini.

Msinielewe vibaya, kunyamaza nako kuna hasara. Nilikuwa na kijana dukani akipunja misumari kwenye mizani, nikakaa miezi mitatu nikiogopa kumuumiza. Mafundi wawili wakahama duka. Huyo nilipaswa kumwambia siku ya kwanza, pembeni, kwa swali.

Desemba iliyopita, watu wote wamerudi nyumbani, nilichuma jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikamwomba mzee mmoja wa ukoo anisindikize. Kwetu isale likiletwa mtu hakatai kusikiliza. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu kazi ya mweka hazina na mazingira ya kikao. Njiani mzee akaniambia niyaache yote, niseme tu nilikosea. Nikasema hivyo. Baba mdogo alilipokea jani, akalizungushazungusha mkononi, akauliza kama tumekula.

Akaendelea kuniita mweka hazina.

Wiki iliyopita alinipigia kuuliza simenti mfuko bei gani, anataka kusakafia zizi. Akaanza, "Mweka hazi..." akakohoa. Kisha akasema, "Baba, utanipunguzia?" Nikamwambia aje achukue kwa bei ya kununulia, na usafiri juu yangu. Mifuko sita. Kesho kutwa naipeleka mwenyewe.