Uliza Anko: Jina la Hitler limepotelea wapi?

SWALI: Anko shikamoo. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga. Kijiweni kwetu kuna ubishi umetushinda wiki nzima. Sisi ni watu wa mpira, ligi ya Ujerumani tunaifuata, akina Müller tumewaona, Schneider tumemuona, Schmidt na Fischer ndo usiseme, ila Hitler hata mmoja, si kocha, si kipa wa akiba, si refa. Sasa mmoja wetu anasema serikali ya Ujerumani ililipiga marufuku hilo jina baada ya vita. Mwingine anabisha, eti halikuwa jina lake kabisa, alizaliwa anaitwa Schicklgruber akabadili mwenyewe ili atishe watu. Nani kachemka? Na maana yake nini hasa? Tumewekeana kreti ya soda, jibu haraka.

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hiyo kreti kanyweni na majirani maana wamechemka wote wawili, ila huyu wa Schicklgruber angalau kapita karibu na mlango. Hilo jina kwenye hii stori lipo kweli, ila mwenye nalo alikuwa baba.

Twende taratibu. Tarehe 7 Juni 1837, kijiji kinaitwa Strones, huko Austria (Austria, siyo Ujerumani, hapa watu wengi wanateleza), mama mmoja Maria Anna Schicklgruber alijifungua mtoto wa kiume akiwa hajaolewa. Mtoto akabatizwa Alois kwenye parokia ya Döllersheim, na pale kwenye rejista sehemu ya jina la baba ikaachwa wazi, kwa hiyo akabeba jina la upande wa mama. Mwaka 1842 mama akaolewa na bwana mmoja aliyekuwa kibarua wa vinu vya kusaga nafaka, Johann Georg Hiedler. Ungedhani hapo ndo mtoto apewe jina la baba wa kambo, wala. Akaenda kulelewa kijiji kingine, Spital, kwa mdogo wake huyo bwana, na hapo ndo utaona vituko, maana hawa ni ndugu baba mmoja mama mmoja lakini mkubwa anaandikwa Hiedler na mdogo anaandikwa Hüttler.

Usishangae sana. We mwenyewe angalia makaratasi ya kwenu, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule Muhammad, kadi ya kliniki Mohamedi, na mtu ni yule yule amekaa anakuangalia. Kule Waldviertel, hiyo kona ya Austria tunayoiongelea, wakulima wengi hawakuwa na habari na kuandika, jina wanalitamka tu, afu paroko anaandika masikio yake yalivyosikia, leo Hiedler, kesho Hietler, keshokutwa Hüttler, na hakuna aliyeona tatizo.

Alois akakua, akajifunza ushonaji viatu, akaenda Vienna, mwaka 1855 akaingia forodha na huko akapanda vyeo vizuri tu kwa mtoto wa kijijini. Muda wote huo anaitwa Schicklgruber. Hadi anakaribia miaka 39! Ndo mwaka 1876 yule baba mlezi na mashahidi watatu wakaenda kwa wakili wa mji wa Weitra kuandikisha kwamba baba wa Alois ni marehemu Johann Georg, kisha shughuli ikahamia kwa paroko wa Döllersheim. Hapo kumbuka marehemu ana miaka 19 kaburini, na mama alishatangulia hata kabla yake, hakuna wa kumuuliza. Kwenye rejista mashahidi wakaweka alama za msalaba badala ya sahihi, paroko akakata neno Schicklgruber, pale palipoandikwa mtoto wa nje ya ndoa pakawa ndani ya ndoa, mchezo ukaisha. Ila jina lililotoka kwenye hayo makaratasi halikuwa Hiedler wala Hüttler, lilikuwa Hitler. Kalamu tu.

Kwanini mtu mzima mwenye kazi yake ahangaike hivyo? Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Wengi wanamnyooshea kidole yule mlezi, alikuwa na mabinti watatu bila mtoto wa kiume, na wapo wanaosema kabisa yeye ndo alikuwa baba mwenyewe ila mke wake asingeelewa. Mi siingii huko. Ninachojua ni kwamba karatasi ile ilimrudia Alois mwenyewe, maana mwaka 1885 alipotaka kumuoa mke wa tatu, Klara Pölzl, ambaye ni mjukuu wa yule yule mlezi, tayari kisheria walishakuwa ndugu, ikabidi ombi la ruhusa ya kanisa lifike hadi Roma. Wakaruhusiwa. Mwaka 1889 akazaliwa Adolf, mtoto wa Hitler, jina limeshatimiza miaka 13. Kwa hiyo mwambie rafiki yako Adolf hakubadili chochote, alilikuta mezani.

Sasa maana. Kijerumani Hütte ni kibanda, na Hüttler ni mtu wa kibanda, yani mkulima mdogo mwenye kijumba na kashamba kake ka kujishikiza, siyo mwenye shamba kubwa. Wapo wataalamu wanaolitoa kwenye neno la lahaja ya huko, Hiedl, chemchemi inayopita chini ya ardhi. Mi nabaki na kibanda kwa sababu kinaendana na watu wenyewe walivyokuwa. Na Schicklgruber ile sehemu ya mwisho, Gruber, ni mtu anayekaa bondeni au shimoni, na Gruber peke yake ndo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Austria nzima.

Na hapa ndo jibu la uchache wake linapoanzia, hata kabla ya vita kuja. Müller ni msaga nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider fundi cherehani, Fischer mvuvi. Zamani huko watu walipoanza kuhitaji jina la pili kila kijiji kilikuwa na msagaji wake na mhunzi wake, kwa hiyo jina moja likazaliwa sehemu elfu tofauti na watu wasio na undugu wowote, ndo maana kwenye mpira unawaona kila timu. Lakini jina linalotoka kona moja, tena kwa tahajia iliyoshikwa na wakili mmoja siku moja, linategemea watoto wa mtu mmoja. Piga hesabu sasa, Alois alipata watoto wa kiume watano, watatu wakafa wadogo, wakabaki wawili, Alois mdogo na Adolf, na Adolf hakuacha mtoto. (Halafu huyo Alois mdogo naye alizaliwa kabla ya ndoa akaanza maisha na jina la mama yake, Matzelsberger, ukoo huu na rejista jamani!) Hilo tawi lilikuwa jembamba tangu mwanzo.

Vita ilipokwisha 1945 waliokuwa nalo wakalivua kama shati lililoshika moto. Alois mdogo, ambaye miaka ya 1930 alikuwa na mgahawa Berlin, akajiita Hiller akafia Hamburg 1956, herufi moja tu imebadilika lakini unalala usingizi. Dada yao Paula alishazoea kuishi kwa jina la Wolff, kaka yake mwenyewe ndo alimtaka afanye hivyo tangu enzi za utawala wake, akafariki 1960 bila mtoto. Na kuna William Patrick, mtoto wa huyo huyo Alois mdogo na mama wa Kiayalandi, amezaliwa Liverpool 1911, huyu mwaka 1939 alihamia Marekani, akamwandikia barua Rais Roosevelt aruhusiwe kupigana dhidi ya baba yake mdogo, na mwaka 1944 kweli akaingia jeshi la majini la Marekani. Hebu fikiria ofisa anayeandikisha anauliza jina, na jamaa analitaja. Baada ya vita akawa Stuart-Houston, akaishi kimya Long Island mpaka 1987, watoto wake wanne wa kiume wote wakatumia jina jipya. Ndugu yake wa baba mmoja, Heinz, alikuwa ameshafia mikononi mwa Warusi 1942.

Kwa hiyo marufuku haikuhitajika. Hakuna sheria Ujerumani inayosema jina la ukoo la Hitler haliruhusiwi. Kilichopo ni sheria ya kubadili majina, ambayo inataka uwe na sababu nzito, huwezi kuamka tu ukasema nimechoka kuitwa hivi. Sababu zinazokubalika ni kama jina la kuchekesha au la aibu, au jina la kawaida mno kiasi kwamba unachanganywa na watu wengine, ndo maana Müller na Schmidt nao wanaruhusiwa kuomba. Na hii inanikosesha raha kidogo kuisema, sheria yenyewe ni ya tarehe 5 Januari 1938, imetungwa na serikali ya Hitler huyo huyo, na mwezi Agosti mwaka ule ule ikaongezewa amri kwamba Wayahudi ambao majina yao hayakuonekana ya Kiyahudi waongeze jina, wanaume Israel na wanawake Sara, ili kila karatasi iwataje. Amri hiyo ilifutwa vita ilipoisha, sheria mama ikabaki na marekebisho yake. Yani mtu aliyebahatika kuwa na baba aliyerekebishiwa jina kwa mashahidi watatu na misalaba alikuja kuwakalia wenzake kooni kwa majina yao.

Hata alama za mwanzo zimefutika. Strones haipo tena, baada ya Austria kumezwa na Ujerumani 1938 eneo lile la Döllersheim lilihamishwa watu likafanywa uwanja wa mazoezi ya jeshi, na mpaka leo jeshi la Austria linafanyia mazoezi huko. Kaburi la Alois na Klara pale Leonding, huko huko Austria, lilikuwa linavuta watu wenye mawazo ya ajabu, mwaka 2012 jiwe lake likaondolewa kwa ridhaa ya ndugu.

Ukitaka kuliona jina limeandikwa bila woga nenda Ohio, Marekani, karibu na mji wa Circleville. Kuna barabara inaitwa Hitler Road na makaburi yanaitwa Hitler-Ludwig. Usiogope, ni familia nyingine kabisa ya wakulima, walikuwa huko tangu karne ya 19 na hawana undugu wowote na wale wa Strones. Na Namibia, ambayo ilikuwa koloni la Wajerumani hadi 1915, mwaka 2020 jimbo la Ompundja lilimchagua diwani aliyekuwa anaitwa wakati huo Adolf Hitler Uunona kwa asilimia 85 ya kura, dunia nzima ikapiga kelele, mwenyewe akaeleza tu kwamba baba yake alimpa jina hilo labda bila kujua mwenye jina alifanya nini. Lakini hilo ni jina la kupewa mpwa wangu, siyo la ukoo, kwa hiyo kwenye ubishi wenu halihesabiki.

SWALI: Anko, mimi nipo Mombasa. Kwa kuwa unapenda majina ya Wajerumani, hawa wamisionari wetu wa Rabai, Krapf na Rebmann, majina yao yana maana au ni sauti tu?

JIBU: Yana maana, tena nzuri. Rebmann ni rahisi, Rebe ni mzabibu na Mann ni mtu, yani mtu wa mizabibu, mkulima wa zabibu. Na inamkaa vizuri kwa sababu Johannes Rebmann alizaliwa 1820 Gerlingen, karibu na Stuttgart, huko vilima vimejaa mizabibu. Huyo ndo yule aliyeuona mlima Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848, wakubwa wa Ulaya wakamcheka eti theluji kwenye ikweta imetoka wapi.

Krapf sasa, hapo shika kiti. Wataalamu wana njia mbili, moja inasema neno la zamani lenye maana ya kulabu, kitu kilichopinda. Nyingine inasema ni Krapfen, kinyunya cha ngano kinachokaangwa mpaka kinaumuka, jina la utani la babu aliyekuwa anakipika au anakipenda. Ukienda leo kusini mwa Ujerumani au Austria ukaagiza Krapfen unaletewa kitu cha mviringo, laini, cha kahawia, kina jemu ndani, na we mtu wa Mombasa utakitazama na kusema mbona hili ni andazi. Kwa hiyo Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844, akamzika mkewe hapo hapo mwaka ule ule, akaja kutuandikia kamusi nzima ya Kiswahili, kwa upande huo wa hadithi ni Bwana Andazi. Mi nimeamua kuamini huo upande. Kulabu hainisaidii kitu saa kumi jioni na chai iko mezani.