Kabla Hujalipia Leza, Jua Doa Lako ni Doa Gani

Nimefundisha michezo katika shule ya sekondari kwa miaka 14, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa uwanjani kwenye jua la mchana, bila kofia wala losheni ya kukinga jua, nikiamini kama wengi wetu tunavyoamini kwamba ngozi nyeusi haina habari na jua. Nilipofikisha miaka 40 mashavu yalikuwa yameshika mabaka ya rangi ya kahawa iliyokolea, na shingoni vilikuwa vimeota vinundu vyeusi vidogo. Mtoto wa kaka yangu alipokaribia kuolewa, niliona si vyema shangazi atokee vile kwenye picha, nikaenda kutafuta leza.

Kliniki niliyoiendea Dar es Salaam ilikuwa safi na yenye kiyoyozi. Dada aliyenihudumia alinitazama uso kwa muda usiofika dakika mbili, akanipaka jeli ya baridi, akanivisha miwani, akaanza. Kila mwako uliniunguza kama tone la mafuta linaloruka kutoka kwenye kikaango. Aliniambia maumivu hayo ni ya kawaida, nami nikavumilia. Siku ya nne, nilipojitazama kwenye kioo, nilikuta kwenye shavu la kushoto mistatili mitatu myeusi iliyopangana kama vigae, kila mmoja ukilingana na kidirisha cha ile mashine. Harusini nilipigwa picha za upande wa kulia tu.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alinikalisha kwenye chumba chenye giza, akanimulika kwa taa ya zambarau, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: kama nilitumia vidonge vya uzazi wa mpango, kama mabaka yalianza wakati wa ujauzito, na kama mama yangu alikuwa nayo. Jibu lilikuwa ndiyo kwa yote matatu. Akanieleza kwamba mabaka ya mashavuni ni melasma, ambayo huchochewa na homoni na kuzidishwa na mwanga na joto, na kwamba vinundu vya shingoni mara nyingi ni vya kurithi, si madoa ya jua. Mimi nilikuwa nimeyaita yote madoa ya jua na kuyalipia bei moja.

Alinieleza pia kwamba mashine ile haikuwa leza. Leza hutoa mwanga wa urefu mmoja wa wimbi, ilhali ile hutoa mwanga wenye mawimbi mengi kwa pamoja, na mwanga wa namna hiyo hufuata melanini, yaani rangi ya ngozi, popote ilipo. Katika ngozi nyeupe melanini nyingi imo ndani ya doa, lakini kwetu imetapakaa uso mzima, kwa hiyo mashine huchoma doa na ngozi iliyo kando yake bila kuchagua, na ngozi iliyoungua hujihami kwa kutengeneza rangi zaidi. Aina ya leza iitwayo Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, hupenya ndani zaidi na hunyonywa na melanini kwa kiasi kidogo, ndiyo maana madaktari huiona salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Lakini hata hiyo inaweza kuamsha melasma upya. Si ajabu sana ukikumbuka kwamba kipimo cha aina za ngozi cha Fitzpatrick, kinachotumika kupangia mashine hizi, kilipoanza mwaka 1975 kilihusu ngozi nyeupe tu, na sisi tukaongezwa baadaye.

Kwa hiyo, ukiingia kliniki, uliza jina la mashine na urefu wa wimbi wake, na asiyeweza kukujibu usimpe uso wako. Omba ajaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha, kisha usubiri wiki kadhaa, kwa sababu weusi wa kuungua hauji siku hiyo hiyo. Doa linalobadilika umbo, linalotoa damu, au lililotokea kwenye unyayo au chini ya ukucha, lisiguswe na leza kabla daktari hajalichunguza, kwa kuwa linaweza kuwa saratani. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwadhuru kwelikweli: mabaka yao magumu ni ya kutibiwa hospitalini, si saluni.

Mkorogo sina haja ya kuusema sana. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, imepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania na Kenya. Daktari anaweza kukuandikia kama dawa kwa miezi michache, lakini anayejipaka kwa miaka anaweza kuishia na weusi wa kibuluu ambao ni vigumu mno kutibika.

Kilichonisaidia hakina mvuto wa kutangazwa. Ni losheni ya kukinga jua ya SPF 50 yenye rangi ya udongo, kwa kuwa oksidi za chuma zilizomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao losheni nyeupe huupitisha. Naipaka urefu wa vidole viwili, uso na shingo, na kurudia kila baada ya saa mbili niwapo uwanjani. Wanafunzi walicheka muhula mmoja, wakazoea. Usiku napaka asidi ya azelaiki aliyoniandikia daktari.

Mistatili ilichukua miezi minane kufifia, na mmoja bado unaonekana nikisimama karibu na dirisha. Vinundu vya shingoni ndivyo vilivyoondolewa kwa leza hatimaye, baada ya daktari kukijaribu kimoja nyuma ya sikio na kunirudisha nyumbani kusubiri wiki sita.