Bango la Ozempic supamaketi: nimhamishe mama kutoka metformini?

SWALI: Shikamoo dada mfamasia. Naishi Columbus, Ohio. Mama amekuja kutoka Tanga kunitembelea kwa miezi mitatu. Ana kisukari aina ya pili na anameza metformini miligramu 500 asubuhi na jioni. Supamaketi tunakonunua chakula wamebandika bango la Ozempic, sindano ya kisukari, mbele ya famasi, pamoja na kadi za punguzo: kuanzia dola 25 kwa mwezi. Je, nimhamishe mama? Na mbona duka la mchele na nyanya linanadi dawa? Nyumbani sijapata kuona.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mfikishie mama shikamoo yangu. Usimhamishe, na sababu kubwa ni hiyo miezi mitatu.

Sindano hiyo huanza kwa miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki 4. Kiasi hicho ni cha kulizoesha tumbo tu, hakitegemewi kushusha sukari. Kisha hupandishwa hadi 0.5, na baada ya wiki 4 nyingine daktari anaweza kufikisha 1 akiona haja. Sasa piga hesabu: dawa itakuwa ndiyo kwanza inamkaa sawa, naye anafunga mizigo. Akifika Tanga itabidi atafute nani anaiuza, kwa bei gani, kila mwezi. Kalamu yake, yaani kifaa cha kujidungia chenye dawa ndani, ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda ni ya kutupa. Ikishaanza kutumika huvumilia hadi nyuzi 30 kwa siku 56, lakini joto la Tanga mwezi wa pili unalijua, na umeme ukikatika unajua pia. Akiikosa, sukari itapanda tena, na metformini yake mlishaiacha.

Hiyo kadi nayo, soma maandishi madogo ya chini. Dola 25 ni za mtu mwenye bima ya binafsi inayokubali kulipia dawa hiyo. Wenye Medicare na Medicaid, bima za serikali za wazee na za wenye kipato kidogo, hawaruhusiwi kuitumia, kwa sababu sheria ya shirikisho huhesabu msaada wa namna hiyo kuwa kishawishi. Mgeni asiye na bima hayumo kabisa kwenye hesabu ya bango. Kwa miaka kadhaa bei aliyoitangaza mtengenezaji ilikaribia dola 1,000 kwa mwezi. Na hata fedha ingekuwapo, bado inatakiwa cheti cha daktari wa huku. Cheti cha Tanzania kwa kawaida hakipokelewi.

Kuhusu duka kunadi dawa: Marekani na New Zealand ndiko matangazo ya dawa za cheti huruhusiwa kumlenga mgonjwa moja kwa moja. Hapa Marekani yalifurika kwenye televisheni baada ya FDA, mamlaka ya dawa ya huku, kulegeza masharti mwaka 1997. Kwetu dawa ya cheti haitangazwi kwa wananchi, na naona ni sahihi.

Supamaketi ina hesabu yake. Mwenye kisukari hurudi kuchukua dawa mwezi baada ya mwezi, maisha yake yote, na kila akija hupita na kikapu. Ndiyo maana dawa inaweza kuuzwa kwa faida ndogo au hata bure. Maduka ya Walmart yalianza Florida mwaka 2006 kuuza dawa nyingi zisizo na jina la kibiashara kwa dola 4 za siku 30, metformini ikiwemo. Publix, supamaketi nyingine, ilitoa metformini bure tangu 2010 hadi 2022. Matangazo ya namna hiyo nayapenda kwa moyo wote: dawa ni ile ile uliyoandikiwa, kilichoshuka ni bei. Nimesimama dirishani na kuwaona watu wakiacha kukata vidonge nusu kwa sababu hiyo. Bango lenu ni la aina nyingine, linataka kubadilisha cheti chenyewe, na halijui figo za mama wala macho yake.

Kwa hiyo itumieni famasi hiyo kwa lile inalolifaa. Hesabu vidonge vya mama leo. Vikielekea kuisha kabla ya safari, mpeleke kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato, aandikiwe metformini ile ile, na siku hiyo hiyo apimwe figo. Namba ya uwezo wa figo kuchuja damu (kwenye karatasi huandikwa eGFR) ikiwa chini ya 30, metformini haifai tena, na hapo daktari ndiye wa kuchagua dawa nyingine, iwe sindano au vidonge. Kama ameimeza kwa miaka mingi na miguu inamchoma au kufa ganzi, ombeni na kipimo cha vitamini B12, kwa maana metformini huipunguza. Waambie pia wamwangalie macho.

Karatasi za majibu azibebe kwenye mkoba wa mkononi, daktari wake wa Tanga atazihitaji. Namba ya figo ikitoka, niandikie.