Picha ileile ya kifua, skrini mbili: kwa nini moja inaonyesha giza tupu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Hospitali yetu imeachana na filamu, eksirei zote sasa zinasomwa kwenye kompyuta. Picha ya kifua ikifunguliwa kwa mpiga picha inaonekana vizuri, lakini ofisini kwa daktari mapafu ni meusi tii. Tununue skrini yenye pikseli nyingi zaidi?

JIBU: Ndugu yangu, msikimbilie dukani. Kwa mnavyoeleza, pikseli si ugonjwa wenu.

Faili la picha ni namba tu; kila skrini huzigeuza kuwa mwanga kwa namna yake. Ndiyo maana kiwango cha DICOM (kanuni za kimataifa za picha za kitabibu), sehemu ya 14, kinazipanga ngazi za kijivu kwa kufuata uwezo wa jicho, ili hatua moja ya giza itambulike sawa na hatua moja ya weupe. Skrini ya ofisini ambayo haijasawazishwa hivyo mara nyingi huzibana ngazi za giza, na humo ndimo hupotea ule mstari mwembamba wa pafu lililosinyaa kwa hewa iliyovuja. Mgonjwa wa namna hiyo hana muda wa kusubiri.

Halafu chumba. Daktari ana dirisha mgongoni? Mwanga ukiangukia kioo cha skrini, giza lote la picha hugeuka ukungu. Chumba cha kusomea kinatakiwa kiwe na laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) 25 hadi 50 hivi, na skrini yenyewe ifikishe mwangaza wa angalau kandela 350 kwa mita ya mraba (420 kwa picha za matiti). Skrini nyingi za ofisini huishia karibu 250, na taa yake hufifia kadiri miaka inavyokwenda.

Leo hii pakueni picha ya majaribio iitwayo TG18-QC, ni ya bure. Ifungueni palepale daktari anaposomea. Tafuteni kiboksi chenye weupe wa asilimia 5 ndani ya cheusi, na cha asilimia 95 ndani ya cheupe. Kile cha giza kisipoonekana, fungeni pazia, zimeni taa, mtazame tena. Kikiendelea kufichika, skrini hiyo isitumike kuandikia ripoti mpaka fundi aje na kipima mwangaza aisawazishe. Kwa sasa daktari akasomee kwa mpiga picha, ila na skrini hiyo nayo ipitishwe kwanza kwenye jaribio hilohilo.