Sikumleta Mtoto, Nimekuja Mwenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aliniandikia baada ya kuona picha yangu nikiwa na joho. "Dada, nina miaka 43, nauza vitenge. Nikienda chuo si watanicheka?" Jibu la mistari miwili lisingetosha, ndiyo maana naandika hapa, kwa ajili yetu sote tulioachia masomo njiani na roho bado inadai.

Wapo watakaokucheka. Mimi walinicheka.

Nilikuwa na miaka 39, nauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza. Siku hiyo nilifunga meza mapema, nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, nikaenda dirisha la udahili la chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kijana wa dirishani aliniamkia vizuri, kisha akauliza, "Mama, mtoto amechagua kozi gani?" Nikamwambia mwanafunzi ni mimi. Akamtazama mwenzake, wakatabasamu. Akanisomea ratiba: Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka jioni. Akaongeza kwamba watu wazima huwa hawamalizi. Nilirudi na daladala nimekumbatia bahasha ya vyeti kifuani. Miaka minane imepita, na nikipita barabara ile koo bado hunikaba.

Mama yangu hakuulizwa maswali hayo. Alikuwa mkulima wa pamba Magu kati ya 1968 na 1972, mradi wa kisomo wa UNESCO ulipoendeshwa huku Kanda ya Ziwa. Kitabu chake cha kusomea kilihusu pamba ileile aliyoilima, na darasa lilikaa watu wakishatoka shambani. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama alikuwa tayari anaandika jina lake. Kwa nini binti yake, akitaka kupanda ngazi ya juu zaidi, aambiwe muda umempita?

Aliyenipokea ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho mwanafunzi husoma akiwa kwake, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo hapa Mwanza. Alama zangu za kidato cha sita hazikutosha, nikaanzia foundesheni, kozi ya kukuandaa kuingia shahada. Sitawachosha na hiyo.

Kilichoniokoa ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika na mzigo sokoni hupungua, basi siku hizo nilisoma mpaka macho yakauma. Giza likirudi, nilisoma kurasa mbili tu kwenye simu, nimekaa juu ya magunia nikisubiri mzigo wa kisiwa cha Goziba. Mtihani mmoja uliangukia katikati ya giza. Nikafeli. Nikaurudia, nikafaulu.

Dada yangu, kabla hujalipa hata shilingi, uliza ratiba. Uliza kama unaweza kuahirisha mwaka ukiuguza mtu. Kisha uliza ratiba tena, wakupe kwa maandishi, uilinganishe na siku zako za mnada.

Na ninyi wa vyuo, sikieni. Mtu mzima haombi apunguziwe mtihani, anaomba saa. Tupeni masomo ya jioni, na kozi fupi za hesabu za biashara na za kutunza samaki wasioze. Nimejazishwa dodoso mara tatu pale Mwaloni na watafiti wenu. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutueleza alichokigundua. Mnajua kuja kuchukua. Rudini basi kufundisha, hata chini ya turubai, tutawapisha viti.

Dada wa Nansio, ukishuka melini njoo Mwaloni na vyeti vyako halisi pamoja na nakala. Usije wakati wa giza, sitakuwa na nafasi. Mwezi ukiwa mpevu nitafunga meza, nikusindikize mpaka dirishani, na atakayeuliza mtoto yuko wapi nitamjibu mimi.